Kuazimisha Gari la Kale la Spoti kwa Kazi ya Picha: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Unguja na Pemba

Mwenye gari la kale la spoti anayekubali kulitoa kwa kazi ya picha ya kibiashara hapa Unguja inafaa ajue mapema kwamba shughuli ya siku nzima huishia kwenye dakika chache za mwisho, na katika dakika hizo hakuna mtu atakayemsikiliza. Jua letu halizami kwa mshazari; hutumbukia karibu wima, na machweo, ambayo kwa mwaka mzima huwa baina ya saa 12:10 na saa 12:50 za jioni, hayampi mpiga picha nafasi ya kusitasita. Ni hapo ndipo mwanamitindo hupandishwa juu ya boneti, gari likasogezwa hatua mbili kuelekea mchangani, na kijana asiyezijua gia zake akaukamata usukani. Masharti yote ya mwenye gari, kwa hiyo, yawe yamesemwa, yameandikwa na yametiwa saini jua likiwa bado juu.

Uliza picha kabla ya kutaja bei

Mpiga picha aliyejiandaa huwa na orodha ya picha anazozitaka, na aghalabu huiambatanisha na michoro au picha za mfano. Iombe orodha hiyo kabla ya kuzungumza fedha, kwa sababu gari linalosimama kivulini Shangani huku bibi harusi akiliegemea na gari linaloendeshwa kwenda na kurudi njia ya Paje ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama saa ni zile zile. Mazungumzo ya mwanzo kwenye simu hayahitaji urefu:

— Shikamoo, mzee. Tunalihitaji kwa saa mbili tu, na halitaondoka pale Shangani.

— Marahaba, mwanangu. Basi niambie nani atalikalia, atakuwa amevaa nini, na mtataka liwake au lizimwe.

Maswali hayo matatu yanatosha kukuonyesha unazungumza na nani. Anayekujibu kwa ufasaha ameshafikiri. Anayesema mambo yataonekana huko huko atafikiri wakati jua linazama, na gari lako ndilo litakalolipia. Uliza pia picha zitatumika wapi na kwa muda gani, kwani tangazo la hoteli litakaloonekana miaka kadhaa halina thamani sawa na picha za arusi zitakazobaki kwenye albamu ya familia. Kama gari lako linajulikana mjini, na magari ya namna hii kisiwani kila mtu huyajua, una haki ya kukataa lisitumike kutangaza kitu usichokitaka kuhusishwa nacho.

Ufunguo hauondoki mkononi mwako

Ushauri wangu wa msingi ni huu: usilitoe gari peke yake. Unachokikodisha ni gari pamoja na mtu wake, na mtu huyo awe wewe au fundi unayemwamini, atakayeliendesha, kulisogeza, kulizima na kulifunika tangu linapotoka nyumbani hadi linaporudi. Mwanamitindo anaweza kukaa kwenye kiti cha dereva akishika usukani, injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono imevutwa na ufunguo umo mfukoni mwako. Picha haitambui tofauti. Ikibidi mtu mwingine aendeshe, hakikisha ana leseni inayokubalika hapa, kwani mgeni kutoka nje huhitaji kibali cha kuendesha Zanzibar, na jina lake liwe limeandikwa kwenye bima na kwenye mkataba. Mpe mazoezi mahali tulivu kabla ya siku yenyewe. Gia ya kwanza ya baadhi ya magari ya miaka ya 1950 na 1960 haina sinkro, yaani kifaa kinacholinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana, na mtu aliyezoea magari ya leo ataisagisha mara ya kwanza tu atakapoilazimisha gari likiwa linatembea.

Wapo watakaokuambia kuwa wanahitaji mwendo kasi ili picha ionekane hai. Hawauhitaji. Mpiga picha anayefuatisha gari kwa kamera huku akiuacha mlango wa mwanga wa kamera (shata) wazi kwa sehemu ya 1/30 ya sekunde atapata mandhari iliyochirizika na magurudumu yanayozunguka gari likienda kilomita 30 kwa saa. Picha zile za kuvutia zaidi, ambazo kamera huonekana kama inaelea kando ya gari, hupigwa kwa kuifunga kamera kwenye mti mrefu uliobanwa kwenye bodi, kisha gari likasukumwa kwa mkono mwendo wa mtu anayetembea huku mlango wa mwanga ukiwa wazi kwa sekunde nzima au zaidi. Mti wenyewe hufutwa baadaye kwenye kompyuta. Ukilijua hili, utakuwa na jibu la heshima kwa anayekuomba ukimbize gari la miaka 50 kwenye barabara yenye mbuzi, baiskeli na daladala.

Bima, ambayo ndiyo sehemu ngumu

Bima ndogo haikusaidii chochote hapa, kwa kuwa inamlipa mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lako, wala haigusi gari lenyewe. Bima kubwa nayo, ikiwa imekatwa kwa matumizi binafsi, kwa kawaida haihusishi matumizi ya kukodisha au ya malipo, na pindi unapopokea fedha kwa ajili ya gari, kampuni ya bima inaweza kudai kwamba hilo ndilo ulilolifanya. Mwandikie mtoa bima wako mapema, awe ni Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni nyingine, ukitaja tarehe, mahali, muda na majina ya watakaoendesha, na uombe nyongeza ya maandishi kwenye mkataba wa bima. Jibu la mdomo kaunta lisikutoshe.

Jambo la pili ni thamani. Gari la kawaida hulipwa kwa bei ya soko baada ya kupunguza uchakavu, na kwa hesabu hiyo gari la mwaka 1965 linaweza kuonekana halina thamani yoyote, ilhali bampa yake peke yake huagizwa Uingereza na kulipiwa usafiri na ushuru. Omba bima ya thamani mliyokubaliana, ukipeleka tathmini ya maandishi, picha za gari lote pamoja na chini yake, na risiti za spea na za mafundi.

La tatu husahauliwa na wengi. Kampuni ya picha itakuonyesha cheti cha bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara wanayosababishiwa wengine, na utaridhika, lakini bima nyingi za aina hiyo huondoa mali iliyo chini ya uangalizi wa mwenye bima mwenyewe, na gari uliloikabidhi kampuni ni mali ya namna hiyo hasa. Soma kifungu hicho, au mpe mtu anayejua kukisoma, na udai kipengele kinacholijumuisha gari lako. Hii ni sababu nyingine ya kutokabidhi ufunguo: gari likibaki mikononi mwako, ubishi juu ya nani alikuwa mwangalizi unapungua.

Vibali na watu wa mahali

Vibali ni kazi ya kampuni, ila wewe udai nakala, kwa maana gari ndilo litakalozuiwa barabarani. Upigaji wa filamu na picha za kibiashara hupitia Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zungumzeni na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kama barabara itafungwa hata kwa robo saa, polisi wa usalama barabarani washirikishwe. Droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ikiwa itarushwa, isipite juu ya gari lenye paa la turubali.

Baada ya makaratasi hayo yote bado yupo sheha. Kampuni inayofika mtaani na taa na mashine ya umeme bila ya kumpigia hodi sheha wa shehia hujitafutia maneno, na mwenyeji utakayeonekana na kulaumiwa ni wewe, si wageni watakaopanda ndege kesho yake. Wasalimieni pia wazee wanaokaa kwenye baraza ambayo itaonekana nyuma ya gari; mara nyingi hao ndio watakaowazuia watoto wasipande kwenye bampa. Epukeni mchana wa Ijumaa katika mitaa yenye misikiti, na mavazi ya wanamitindo yazungumzwe kabla, hasa Ramadhani.

Mji wenyewe una njia chache zinazopitika kwa gari la chini. Barabara ya Mizingani, Forodhani, Shangani na Barabara ya Kenyatta ndizo zinazofaa, na wakati wake ni baada ya sala ya alfajiri, kabla ya mikokoteni na pikipiki. Jioni Forodhani hujaa watu na moshi wa mishikaki. Usikubali kusogezwa chini ya roshani kuukuu kwa ajili ya picha nzuri. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mwezi Disemba 2020, na nyumba za mawe na chokaa zilizonywa mvua za masika huachia plasta bila ya taarifa.

Ufukweni hapana

Kila mpiga picha anayekuja Zanzibar ana picha moja kichwani: gari jekundu, mchanga mweupe, bahari ya kijani. Sipendekezi kabisa gari literemke ufukweni. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4, na pwani ya mashariki, ambako ufuo ni tambarare, maji hurudi yakiwa yamesambaa upesi kuliko gari lenye matairi membamba linavyoweza kukwamuliwa. Mchanga unaoonekana mgumu una mifuko laini, na chini ya gari la miaka hiyo kuna chasisi na vikunjo vya bati ambavyo havikupata kinga ya kutu inayowekwa magari ya sasa. Isitoshe, ufuo wa Paje au Jambiani ni mahali pa kazi za watu, wakiwemo akina mama wa mwani.

Tafuta badala yake mahali pagumu palipo juu ya ufuo: kiwanja cha hoteli, gati, au njia iliyopakana na minazi. Mpiga picha akishusha kamera hadi usawa wa magoti na kutumia lenzi ndefu, bahari itasogea nyuma ya gari kana kwamba limeegeshwa majini. Angalia pia msimu. Kusi hupuliza kutoka kusini mashariki na kuurusha mchanga wa pwani ya mashariki moja kwa moja kwenye rangi na vioo, kwa hiyo katika miezi hiyo upande wa magharibi wa kisiwa una utulivu zaidi, na ndio upande wenye machweo.

Rangi, boneti na nguo

Uharibifu mwingi katika kazi hizi hautokani na ajali. Hutokana na watu wema wanaofanya kazi yao. Mwanamitindo aliyevaa suruali yenye vifungo vya shaba nyuma huketi kwenye ukingo wa mlango, hujivuta ili akae vizuri, na mstari mwembamba hubaki kwenye rangi ambao hakuna atakayeuona hadi asubuhi. Rangi ya selulosi, iliyopakwa magari mengi ya zamani, ni laini kuliko rangi za kisasa. Basi kabla ya mtu yeyote kugusa gari, apitie kwako avue mkanda, saa na pete, na mahali atakapoegemea pawekwe kitambaa safi cha pamba ambacho hakitaonekana kwenye picha.

Boneti isikaliwe. MGB za miaka ya 1960, zile gari za spoti za Kiingereza, kwa mfano, zina boneti ya alumini ambayo hubonyea kwa uzito wa kiwiko. Alumini hiyo hiyo ndiyo sababu ya mtu wa mapambo kushangaa pale vibao vyake vya sumaku vinapoteleza na kuanguka. Kwenye milango ya chuma vibao hivyo hushika, lakini chembe moja ya mchanga iliyonaswa chini yake inatosha kuchora duara. Stika ni balaa zaidi. Mwenye Datsun 240Z karibu kila mara ataombwa abandike namba za mashindano milangoni, kwa kuwa gari la aina hiyo lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973, na picha ya namna hiyo inauzika. Lakini stika iliyoachwa juani Unguja kwa saa chache huondoka na rangi iliyopakwa upya. Namba ziongezwe kwenye kompyuta. Hali kadhalika dawa za kupuliza za kupunguza mng'aro, gundi za karatasi, na vikombe vya mpira vya kushikilia kamera visiwekwe juu ya rangi bila ya wewe kuonyeshwa mahali penyewe. Kikombe hutolewa kwa kuinua ukingo wake hewa ikaingia, hakivutwi.

Picha za arusi zina hatari zake, na hizi wageni hawazijui ila sisi tunazijua. Hina ambayo haijakauka, na piko zaidi yake, huingia kwenye ngozi ya kiti na haitoki tena. Mafuta ya uturi huacha duara kwenye turubali. Na kuna yule somo au shangazi mwenye nia njema anayetaka bibi harusi afukizwe udi akiwa ameshakaa ndani ya gari, chetezo kina makaa yanayowaka, zulia ni la sufi, na mpira wa petroli una umri wake. Mwambie kwa upole afukizwe nje, kisha ndipo aingie.

Injini inayongoja

Gari la kale huumia zaidi likisimama linawaka kuliko likitembea. Feni yake huzungushwa na mkanda wa injini, hivyo injini ikipiga taratibu feni nayo hupuliza kidogo, na jua la saa nane likiwa juu ya boneti, mshale wa joto hupanda ndani ya dakika chache. Sharti la kuandika ni kwamba injini huwashwa pale tu picha inapouhitaji moshi au mwendo, na huzimwa kwa amri yako pekee. Mpiga picha atasema lirudi nyuma kidogo, halafu mbele kidogo, halafu tena nyuma, na kila "kidogo" ni klachi inayosuguliwa. Kwa masogezo mafupi watu wawili walisukume, mikono ikiwa kwenye nguzo za kioo cha mbele au kwenye matairi, si kwenye taa wala bampa.

Betri pia iangaliwe, kwa kuwa taa zikiwashwa mfululizo kwa ajili ya picha za magharibi, jenereta ndogo ya miaka ile haiwezi kuzilipia. Na asiachiwe mtu kuchomeka chaja ya simu au ya kamera kwenye dashibodi. Magari kadhaa ya Kiingereza, zikiwemo MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1967, yamefungwa waya chanya kwenye bodi badala ya hasi, na kifaa cha kisasa kinachopokea umeme uliogeuzwa huungua hapo hapo, pengine na nyaya zako pamoja nacho. Beba kizima moto, dumu la maji, mkanda wa feni wa akiba na fyuzi.

Kwa walioko Pemba, au watakaopeleka gari huko kwa ajili ya vilima vya mikarafuu na msitu wa Ngezi, la kusisitiza ni meli. Kamba zifungwe kwenye magurudumu, zisifungwe kwenye bampa wala bodi, na gari liombewe nafasi ndani badala ya sitaha ya wazi inayorushiwa maji. Msimu wa karafuu, majamvi huanikwa hadi kandoni mwa barabara. Msiombe mwenyewe ayaondoe kwa ajili ya picha, zungukeni.

Malipo na mkataba

Saa zihesabiwe tangu gari linapotoka gereji hadi linaporudi, maana muda wa njiani na wa kungojea mwanga ni muda wako. Weka bei ya nusu siku, ya siku nzima na ya saa ya ziada, na posho ya mtu anayelisimamia iwe kando. Chukua arubuni siku ya makubaliano ili kuifunga tarehe, salio lilipwe kabla injini haijawashwa, na amana ya uharibifu ishikwe hadi siku baada ya kazi. Mkataba utaje pia nani analipa ikinyesha, kwani wakati wa masika swali hilo ni la hakika. Binafsi naona nusu ya malipo ni haki kwa siku iliyovunjika gari likiwa limeshafika.

Kwa kawaida haki ya picha hubaki kwa aliyepiga au aliyemwajiri, kwa hiyo kama unataka nakala za kutumia wakati wa kuliuza gari au kulitangaza, ziandikwe humo: ngapi, za ukubwa gani, na kwa siku ngapi zitafika. Namba ya gari ifutwe kwenye picha zitakazochapishwa. Isifunikwe barabarani, kwani hilo ni kosa, na trafiki hataki kusikia habari za sanaa.

Kabla ya kazi kuanza, zungukeni gari mkiwa wawili, mpige picha kila upande, kila gurudumu na kila kiti, pamoja na namba za odomita, kisha msaini. Jioni mtachoka na giza litaficha mikwaruzo, kwa hiyo ukaguzi wa mwisho uwe asubuhi yake, kwenye mwanga. Usiku ule ule, hata hivyo, lioshe gari chini kwa maji baridi, hasa ndani ya mapango ya matairi na baina ya spoku za rimu, na kama unaishi karibu na pwani yaonje maji kwanza, kwani visima vingi huko vina chumvi na utakuwa unaliosha kwa kile kile unachokiogopa. Likishakauka liendeshe kidogo ili breki zikauke nazo, liache bila ya kulifunika hadi joto la injini litoke, na asubuhi, mkishakagua na kusaini kwamba hakuna kipya, rudisha amana siku hiyo hiyo.